Chupa ya Mabaki

Kilichonitia kinyaa kwanza kilikuwa kifuniko. Kilikuwa cha plastiki, kimezungukwa na sukari iliyoganda kama nta, na ndani ya ile sukari kulikuwa na miguu ya sisimizi. Mama Mwenye Nyumba alikijaza dawa, akamnywesha mtoto wa chumba cha mbele, mtoto akakilamba mpaka chini. Kisha mama yule akakipangusa kwa ncha ya kanga, ncha ileile aliyokuwa amejifutia pua muda mfupi uliopita, akakirudisha kwenye chupa na kuitikisa karibu na sikio lake.

"Bado ipo," alisema kwa furaha. "Mwenzake naye akiugua ataikuta."

Sote tulimwita Mama Mwenye Nyumba, hata majirani wasiokuwa wapangaji wake, na yeye mwenyewe akipokea simu alijitambulisha hivyohivyo. Nyumba yake iko Igogo, juu kidogo kwenye mawe, vyumba vimetazamana na katikati kuna ua wa saruji. Nilikaa pale miaka mingi nikiwa mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi. Nimemwona mwanamke huyu akifanya wema ambao mimi nisingeuweza. Nimemwona pia akikaribia kumuua mjukuu wake, mtoto aliyempenda kuliko kitu chochote duniani, kwa mkono uleule wa wema. Nikimkumbuka siwezi kutenganisha hayo mawili, na kwenye karatasi hizi sitajaribu.

Nianze na usafi wake, kwa sababu bila huo hutamwelewa. Choo chetu kilikuwa kimoja na kila chumba kilikuwa na zamu ya kukiosha. Ukimaliza kuosha, yeye aliingia na tochi, mchana kweupe. Alimulika pembe zote. Siku ambayo hakuridhika, alisimama katikati ya ua na kupaza sauti ili hata wa barabarani wasikie.

"Hivi nyie mnalenga shimo au mnalipigia kura?"

Wanaume walicheka, lakini waliona haya. Mama wa chumba cha mbele, ambaye mdomo wake haukuwa mbali na wa mwenye nyumba, alijibu, "Mama, kura ni siri!"

"Siri gani na yenyewe inanuka mpaka sokoni?"

Alichemsha maji ya kunywa kwa ajili ya watoto wote wa ua. Si wajukuu tu, wote. Akina mama waliotoka alfajiri kwenda kukata samaki kiwandani walimwachia watoto bila hata kuulizana, naye aliwaogesha, akawakata kucha, akawapa uji. Mtoto akijisaidia uani, alikuja mbio na majivu na jembe kabla nzi hawajafika. Nilimpenda kwa hayo, na ninawaambia wanafunzi wangu mpaka leo: majivu na jembe, msingoje nzi.

Kisha anaingia ndani, anainama, anavuta ndoo ya mchanga mbichi kutoka chini ya kitanda, na kwenye mchanga ule, ikiwa imefukiwa mpaka shingoni ili ipate ubaridi, inatoka ile chupa.

Ilikuwa chupa kubwa ya kahawia. Ndani yake mlikuwa na mabaki ya dawa za watoto wote waliowahi kuugua tumbo kwenye nyumba ile. Utaratibu wake ulikuwa rahisi na kila mpangaji mpya alifundishwa, kama alivyofundishwa mahali pa kutupa taka. Mtoto wako akiandikiwa dawa ya maji, unampa mpaka apate nafuu. Akipata nafuu unaleta iliyobaki. Mama Mwenye Nyumba anaimimina kwenye chupa ya pamoja. Ya waridi juu ya ya njano, ya ndizi juu ya ya chungwa. Nyingine ilikuwa ile ya unga ambayo duka la dawa hukwambia uichanganye na maji na uimalize mapema, kwa sababu ikishalowa haikai. Kwenye chupa ile ilikaa. Ilikaa mpaka ikafanya mashapo chini, ikawa na rangi kama ya maji ya kusuuzia brashi ya rangi, na harufu ya tunda lililochacha.

Kapsuli nazo zilikuwa na mfuko wao wa plastiki. Zile za rangi mbili ndizo alizoziheshimu zaidi. Alizifungua, akanyunyizia unga wake kwenye kidonda cha goti, kwenye kitovu cha mtoto mchanga, kwenye uji.

Alikuwa na kauli mbili. Ya kwanza: "Mtoto akicheka, dawa inafungwa." Ya pili: "Dawa haimwagwi." Alizisema kama mtu anayekupa siri ya biashara. Alikumbuka miaka ambayo zahanati ilikuwa na mzani na kalenda tu, na mganga anakwambia nenda ukamwombee. Mtu aliyewahi kurudi nyumbani mikono mitupu na mtoto mgonjwa mgongoni hawezi kuona dawa ikibaki akaitupa. Hilo ninalielewa. Nimejaribu kulielewa kila mara kinyaa kiliponipanda.

Ila kulikuwa na jambo ambalo lilinishinda kuzoea. Pale uani, kumaliza dozi ilikuwa aibu. Mama wa chumba cha mbele alipomaliza dawa yote ya mwanawe kama alivyoelekezwa, Mama Mwenye Nyumba alimsubiri bombani.

"Lete mabaki."

"Hayapo, Mama. Walisema imalizwe."

"Yote? Mtoto amepona na ukaendelea kummiminia?" Akawageukia wenzake waliokuwa wakifua. "Jamani, tuna mlafi wa dawa hapa. Anakula na ya watoto wa wenzake."

Walicheka kicheko kile ambacho mtu hakisahau. Mama yule alinywea. Safari iliyofuata, mwanawe alipoacha kuharisha tu, nilimwona akivuka ua na chupa yake nusu, ameishika kwa mikono miwili kama sadaka. Mama Mwenye Nyumba alimbariki mbele ya watu wote. Basi ndivyo ilivyokuwa: aliyefanya sawasawa aliitwa mlafi, na aliyewafuga wadudu kwenye tumbo la mwanawe aliitwa mtu wa watu.

Mimi kazi yangu ni kueleza, na sijui kunyamaza. Jioni moja nilikaa naye tukichambua dagaa, nikamweleza. Nilijua amelima pamba kwa miaka mingi kabla ya kujenga pale mjini, kwa hiyo nilianzia shambani.

"Mama, shikamoo ya pili, maana nataka kukuuliza kitu. Ukipulizia pamba dawa nusu ya kipimo, funza wanakuwaje?"

"Marahaba. Hao nawajua. Wanakufa wale wadogo wadogo. Wakubwa wanalewa tu, kesho wanaamka."

"Na mwaka unaofuata?"

"Mwaka unaofuata unapuliza wanakucheka. Ndio hao wanaozaa." Alitema kando kwa kuchukia. "Kuna jirani yangu alikuwa anachanganya dawa na maji mengi ili imtoshee eka zote. Alituharibia sote. Funza hawana mpaka, wanatoka kwake wanakuja kwako."

Nilifurahi kupita kiasi. Nilimwambia kwamba tumboni mwa mtoto ni hivyohivyo. Vimelea havifi vyote kwa pamoja, wanyonge hutangulia. Mtoto anacheka kwa sababu wanyonge wameondoka, lakini wakorofi bado wamo, na ukifunga chupa pale, umewaachia shamba zima. Watazaa wakorofi wenzao, na hao hawakai kwa mtoto mmoja. Wanatoka na choo chake, wanapita kwenye mkono, kwenye kifuniko kile, wanahamia kwa mwenzake. Nikamwambia pia kwamba kuharisha kwingi kwa watoto hakuhitaji hata dawa hizo. Kunahitaji maji ya chumvi na sukari yale ya paketi, zinki, ziwa la mama, na subira. Antibayotiki iachwe kwa ajili ya siku ambayo daktari ataiona haja yake, na siku hiyo inywewe mpaka mwisho.

Alinisikiliza. Alikuwa msikilizaji mzuri. Kisha akanipigapiga gotini kwa mkono wenye magamba ya dagaa.

"Mwalimu, umesema vizuri sana. Lakini mtoto si pamba."

Sikukata tamaa, na wewe unayesoma usikate tamaa na bibi yako. Nilimweleza tena, na tena. Wakati huohuo sitaficha kwamba kulikuwa na siku nilitoka shuleni na kumkuta binti yangu mdogo amekaa kibarazani kwake, anajilamba midomo, na kifuniko kile kiko mkononi mwake. Alikuwa ameharisha mara moja tu asubuhi. Nilikwenda nyuma ya choo nikatapika. Nilikiona mbele ya macho yangu kila kinywa kilichowahi kukilamba. Niliporudi nikamwambia Mama Mwenye Nyumba asimpe tena mwanangu dawa yake, hata akimkuta anakufa.

"Haya," alisema, na macho yake yakajaa machozi. "Nilifikiri ni mtoto wetu."

Kulikuwa pia na kabinti ka wapangaji wa chumba cha pembeni. Kalipona kwa chupa ile, kakaugua tena, kakapona, kakaugua. Wazazi walikapeleka Kisesa kwa ndugu, na kakazikwa hukohuko. Sitasema chupa ilikaua. Sijui, hakuna aliyepima, na siku hizo hakuna aliyeuliza. Mama Mwenye Nyumba alikwenda msibani na kupika kwa siku zote za matanga. Aliporudi aliosha ile chupa kwa nje, mpaka ikang'aa.

Mjukuu wake aliletwa akiwa anajifunza kukaa. Mama yake alikuwa kibarua wa kiwanda huko Nyakato na alikuja kumwona siku ya mapumziko. Bibi alimfunga mgongoni asubuhi na kumfungua jioni. Alimwita "ng'wanone", mwanangu, hata mama mtu akiwepo. Alimwimbia nyimbo za kwaya ya wazee na kumchezesha kichwa kwa mapigo. Sijawahi kuona mtoto aliyependwa hivyo, wala aliyenyweshwa kifuniko kile mara nyingi hivyo. Akilegeza choo, kifuniko. Akicheka, chupa inafungwa. Meno yakianza kutoka, kifuniko. Mafua, kifuniko.

Igogo ni mlima wa mawe, na shimo la choo halichimbiki kwenda mbali. Wengine likijaa husubiri mvua kubwa, wakatoboa ukuta wa shimo upande wa chini ili mvua ibebe. Wanaita kutapisha choo. Msimu ule majirani wa juu walitapisha. Yale maji yalipita kwenye mtaro ulio nyuma ya nyumba yetu, meusi, yakichezesha vipande ambavyo sitaki kuvitaja, na kuendelea chini mpaka ziwani, ambako asubuhi yake watu waliinama na ndoo. Mama Mwenye Nyumba aliwatukana watu wa juu mpaka sauti ikakauka. Alimwaga majivu kando ya mtaro wote. Alichemsha maji mara mbili. Hata hivyo mtoto aliharisha, na safari hii kulikuwa na damu.

Hii sasa ndiyo ilikuwa siku ya haja. Kuharisha damu kunahitaji dawa, nilimwambia hivyo, na nikamwambia twende hospitali. Alisema kwanza ajaribu. Akajaribu chupa. Akajaribu unga wa rangi mbili kwenye uji. Akamtuma mtu duka la dawa la chini, ambako walimfungia nyingine kwenye kipande cha gazeti bila kuuliza mtoto ni nani wala ana uzito gani. Nilichukia duka lile kuliko nilivyoichukia chupa. Mtoto hakucheka. Macho yake yalizama ndani, na ukimfinya ngozi ya tumbo ilibaki imesimama kama karatasi iliyokunjwa. Hapo hatimaye alikubali twende hospitali. Tulipanda pikipiki moja, mtoto katikati yetu, na njia nzima aliimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole. Alimtundikia mtoto maji, kisha akauliza, "Bibi, amepewa dawa gani huko nyumbani?"

Mama Mwenye Nyumba alifungua kanga, akaitoa ile chupa, akaiweka mezani kwa fahari kidogo.

Daktari aliifungua. Aliinusa, kichwa chake kikarudi nyuma. "Hii ni nini?"

"Ni dawa."

"Ya nani?"

"Ya watoto wote."

Daktari alinitazama mimi. Nilitazama sakafu. Akaifunga chupa taratibu, akamsogezea bibi kwa kidole aichukue, akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu. Nilimwona Mama Mwenye Nyumba, yule wa tochi na majivu, akimtazama binti yule anavyonawa, na nadhani katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwona mchafu.

Dawa ya kwanza ya hospitali haikufanya kitu. Ya pili nayo. Wakaotesha choo cha mtoto maabara, maana yake waliwakuza wale wadudu kwenye kisahani na kuwawekea dawa mbalimbali waone ipi inawaua. Tulisubiri majibu huku mtoto akipungua machoni petu. Majibu yalipokuja, daktari alikaa chini kitandani pamoja nasi.

"Bibi, hawa wadudu wamezizoea karibu dawa zote tunazotumia kwa watoto. Imebaki ya sindano. Tunaanza sasa hivi. Ikikubali, Mungu amesaidia. Isipokubali, hapa sina nyingine."

Mama Mwenye Nyumba, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akaniuliza, "Mwalimu, ni wale wakubwa? Waliolewa wakaamka?"

"Ndio, Mama."

"Na mimi ndiye nimewazalisha."

Kinyaa changu chote, cha miaka yote ile, hakikunisaidia kitu saa ile. Nilimshika mkono. Ulikuwa bado unanuka ndizi, ile ya dawa.

Sindano ilikubali. Polepole, na ilibidi watafute mshipa mpaka kichwani, lakini ilikubali. Siku mtoto alipocheka, bibi yake hakucheka. Alimshika nesi mkono. "Usiache," alimwambia. "Mpe mpaka iishe."

Baada ya hapo nilihamishiwa shule ya Kisesa, na ikapita muda kabla sijarudi Igogo. Nilirudi msimu wa mvua. Mama Mwenye Nyumba alikuwa amekonda, tochi iko mfukoni, na alinipokea kwa kelele.

"Mwalimu amenenepa! Huko Kisesa mnakula wanafunzi?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, marahaba, kaa hapa." Akanionyesha ndoo ya mchanga. Sasa ilikuwa uani na ndani yake kulikuwa na vitunguu vya majani. "Umeona? Nimeacha. Hapa siku hizi kila mtoto anamaliza yake, na asiyemaliza namfuata mpaka chumbani. Muulize huyo."

Mama wa chumba cha mbele, ambaye bado alikuwepo, aliinua mikono. "Tumebadilishiwa dhambi, Mwalimu. Zamani kumaliza, sasa kubakiza."

Niliwaambia ninawaonea fahari, na nilimaanisha. Mjukuu alikuwa akitembea, miguu myembamba lakini ina haraka. Alikuwa akiwakimbiza kuku, na kuku hao hawakuwepo zamani. Walikuwa wengi, weupe, na kinyesi chao kilikuwa kila mahali kwenye saruji ambayo zamani ungeweza kulia chakula juu yake. Katikati ya ua kulikuwa na beseni la maji yao. Maji yale yalikuwa ya njano.

"Ni ya nini hiyo rangi, Mama?"

"Dawa ya mifugo. Wasiharishe." Akashusha sauti, kama zamani akinipa siri ya biashara. "Na yale mabaki ya chupa nimewachanganyia humo kidogo kidogo. Nilikuambia, dawa haimwagwi."

Kinyaa kilinirudia. Mtoto alikuwa amechuchumaa kando ya beseni. Alichovya mkono, akaokota kitu kwenye kinyesi, akaupeleka mkono mdomoni.

Nilieleza. Ni kazi yangu. Nilimwambia kwamba kuku nao wana matumbo, na kwenye matumbo hayo kuna wadudu wanaojifunza vilevile, wanyonge wanakufa, wakubwa wanalewa na kuamka. Kuku wanawamwaga hapa, na mtoto anachezea hapa. Sikuhitaji kufika mwisho. Alikuwa amekwisha kumnyakua mjukuu, anamfuta mkono, anamfuta mdomo, anaufuta tena kwa kanga mpaka mtoto akalia. Akaniwekea mtoto mapajani. Akaliinua beseni kwa mikono miwili, kuku wakimzunguka miguuni, akaenda nalo mpaka kwenye mtaro.

Pale akasimama. Mvua ya asubuhi ilikuwa bado inateremka mtaroni, kuelekea ziwani. Aliyafuata yale maji kwa macho mpaka chini, ambako watu walikuwa wameinama na ndoo. Akageuka akatazama choo, akanyanyua macho kutazama mlima na vyoo vyake, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu," alisema. "Sasa niimwage wapi?"

Nilimchukua mtoto bombani, nikamnawisha kwa sabuni, vidole vyote, na chini ya kucha. Nilifanya polepole, nikitafuta jibu. Tuliporudi alikuwa bado amesimama palepale na beseni lake, akilishika sawasawa ili lisimwagike.